Hodi kwa Namba Ishirini

Nianze na upumbavu wangu, kusudi msije mkauokota wenyewe katikati ya maneno mkajiona wajanja. Mwaka wa masomo uliopita, siku ya Jumanne, nilichukua simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaipa namba ya kibao cha Mwalimu, nikaichomeka kwenye umeme nyuma ya kabati la ramani, kisha nikatoka atelye, yaani karakana ya shule, nikiimba wimbo wa kwaya. Nilijiona mwerevu kama shetani. Lakini shetani ana akili kunishinda: yeye akiingia kwa watu haandiki jina lake mlangoni.

Kibao ni kidude cha kijani, kikubwa kama pakiti ya biskuti, kilichofungwa ukutani katika atelye ya shule yetu ya ufundi, hapa Panda. Usikidharau. Ni kompyuta nzima, ina Linux ndani, ila haina kioo wala vibonye. Ukitaka kuongea nayo unapitia kompyuta nyingine. Kazi yake ni moja. Waya unatoka kwake unashuka hadi kwenye tangi la maji uani, na maji yakianza kuingia, kibao kinatuma ujumbe kwenye simu za mama wote wa kambi, mtaa wetu wa nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Kabla ya kibao, mama walikuwa wanapanga bido zao, yaani madumu ya maji, mstari mbele ya bomba la shule, kila bido na kitambaa chake shingoni, wanakaa hapo kutwa, maana maji yetu hayana saa. Baada ya kibao walikaa nyumbani na kazi zao. Simu zinalia kambi nzima kwa mara moja, halafu unaona mama wanatoka milangoni wakikimbia kama wameitwa mbinguni.

Aliyekitengeneza ni Mwalimu. Alitufundisha umeme na kompyuta, lakini mimi nilimjua tangu sijui kufunga viatu, kwa sababu alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi: tai ya kahawia shingoni, sandali za mpira miguuni, na bisibisi ya kupimia umeme mfukoni, pale watu wengine wanapoweka kalamu. Tai ilikuwa ileile kila siku. Nimeiangalia miaka tisa, najua doa lake kila moja, na doa la tatu kutoka juu ni mafuta ya mawese ya nyumbani kwetu.

Pua yake ilikuwa inapiga filimbi. Simtukani, naeleza. Akifikiri sana, pua inaanza kidogokidogo kama birika, na kadiri anavyokaribia ubovu ndivyo sauti inavyopanda. Darasa zima tulikuwa tunafuata pua badala ya ubao. Mimi nilijifunza kuiiga, nikawa naipiga nyuma ya darasa wakati wenzangu wanapotea kabisa, ili wadhani wamekaribia. Aliponishika hakunipiga. Aliniita Comédien, yaani mchekeshaji, na kuanzia siku ile sikuwa na jina lingine kinywani mwake. Béa, mwenzetu darasani, aliendelea kuitwa Béa. Lile nililiona.

Alichukia kuzima na kuwasha. Mashine ikikataa, kila mtu duniani anaizima, anaiwasha, anaomba Mungu. Mwalimu alikuwa anakushika mkono kabla kidole hakijafika. "Kuzima na kuwasha ni kukimbia ulizo," anasema. "Ulizo itarudia kesho, na kesho itakuya na kasirani." Maneno mazuri. Lakini nyumbani kwake, televisheni ikianza kutetemeka, aliizaba kofi ubavuni. Nimeliona kwa macho yangu nilipopeleka sahani ya mama. Nikamuuliza ulizo limekwenda wapi. Akanijibu, akiwa ameinua mkono kwa kofi la pili, kwamba televisheni haina shule, ina mazoea.

Vitu vingine havikufuatana kwake. Alitufundisha mtandao lakini mfukoni alikuwa na simu ya vibonye. Alitukataza haraka, halafu bukari, ugali wetu, ikifika mezani anaitumbukizia mkono ikiwa bado inatoa moshi, anaungua, anapuliza vidole, anarudia. Alikuwa na sauti mbaya kuliko zote katika kwaya ya misa ya kwanza, na alikuwa wa kwanza kufika kwenye mazoezi. Mji mzima unakaa juu ya shaba, alikuwa akilalamika, na shule yake inakosa mita tatu za waya.

Njia yake ya kutafuta ubovu ilikuwa adabu ya kutembelea watu. Sisi tulikuwa tunaingia kwa kichwa: ujumbe hautoki, basi tunafungua programu, tunabadilisha mistari, tunaharibu na kile kilichokuwa kizima. Yeye aliuliza: "Muntu akifika pa nyumba ya wengine, anauliza bei ya televizyo? Apana. Anaangalia kama njia iko. Anaangalia namba. Anabisha hodi." Kwanza unatazama taa mbili ndogo pale waya unapoingia; zikiwa zimekufa, acha kila kitu, shika waya. Kisha unauliza kibao kina namba gani. Kisha unabisha hodi kwa modem, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje. Modem ikiitika, unabisha hodi mbali zaidi. Na kubisha hodi kwenyewe ni kuandika neno moja na namba, basi. Mashine inatuma kelele ndogo, na aliye na namba ile anajibu yupo. Vitabu vina jina jingine la jambo hilo. Katika atelye yetu lilikuwa hodi, na mwanafunzi aliyeruka hodi alirudishwa hadi mlangoni, mlango wa kweli wa mbao, aingie upya kama mtu aliyefundishwa nyumbani.

Mama yangu alimpenda sana mtu huyu, na hapo ndipo wivu wangu ulipoanza kuota meno, kabla hata ya Béa. Kwetu ni watu wa kanisa la maombi. Mwalimu ni wa misa. Hata hivyo, nikichelewa kuamka, mama ananiambia Mwalimu amekwisha kupita. Nikiacha shati chini, tai ya Mwalimu haijawahi kulala chini. Siku moja ujumbe haukutoka, mama akaja shuleni mwenyewe na wenzake wawili, akasema watu wabaya wameifunga mashine, akaweka mkono juu ya modem na kuomba. Aliomba muda mrefu. Sisi tulikuwa tunang'ata mikono tusicheke. Mwalimu alisimama, akainamisha kichwa, akaitika amina kila palipohitaji amina na mahali pengine pawili zaidi. Walipomaliza akachomoa waya, akatuonyesha ncha yake: ilikuwa na kutu ya kijani. Akakata, akafunga ncha mpya, taa zikawaka.

"Mama alisali muzuri," alisema. "Na connecteur ilikuwa na kutu. Byote mbili bimesaidia."

Mama alirudi nyumbani amekua urefu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona ile kutu tangu asubuhi. Niliitaja. Hakuna aliyesikia, kwa sababu niliitaja kwa sauti ya pua.

Sasa Béa. Anaishi mistari miwili ya nyumba nyuma yetu. Hacheki haraka, anaandika kila kitu katika daftari la jalada la bluu, na anapofikiri anashika sikio. Hana kosa jingine. Ningependa kuwa nalo la kuwaambia, nimelitafuta sana.

Ilikuwa baada ya umeme kukatika siku mbili. Uliporudi, kibao kikawaka, taa zikawaka, namba iko, hodi kwa modem inaitikiwa, hodi ya mbali inaitikiwa, na ujumbe hautoki. Mimi niliapa ni waya. Nikabadilisha waya mara tatu, nikapanda juu ya meza, nikashuka na buibui nyweleni. Mwalimu alikuwa amekaa, pua inapiga polepole. Béa alishika sikio, akaandika neno moja la kuuliza tarehe.

"Mwalimu," alisema, "hii kibao inazani tuko mwaka ya sabini. Ile ya zamani."

Kibao hakina betri ya saa, ndiyo maana. Umeme ukikatika kinasahau siku, ukirudi kinauliza saa kwa wengine kupitia mtandao. Siku ile modem ilichelewa kuamka, kibao kikauliza, hakikujibiwa, kikakata tamaa na kubaki miaka ya babu. Na mashine za mbali zinazopeleka ujumbe hukagua tarehe kwanza. Haziwezi kumpokea mgeni anayesema ametoka miaka hiyo. Béa aliweka saa sawa. Simu zikalia kambi nzima. Mwalimu akavua ufunguo wa atelye kwenye kamba yake, akampa. Kuanzia hapo kibao kikawa chini ya ulinzi wake. Ufunguo wenyewe ni mdogo, una kutu, ningeweza kununua mfano wake sokoni. Lakini usiku na mchana nilikuwa nauona kwenye shingo ya Béa, umening'inia kwenye uzi mwekundu, na kila alipoinama uliyumba upande wangu.

Basi mpango wangu ulikuwa hivi. Mashine mbili zikiwa na namba moja katika mtandao mmoja, ni kama nyumba mbili za kambi zenye namba moja: barua ya huyu inapelekwa kwa yule, leo inafika, kesho inapotea. Kibao kilikuwa namba ishirini. Simu yangu nayo ikawa namba ishirini. Béa angehangaika siku mbili tatu, angeshindwa, angerudisha ufunguo. Kisha mimi ningeingia nikipiga filimbi ya pua, ningechomoa simu yangu kwa siri, ningeweka mkono juu ya kibao, nacho kingepona. Hata wimbo wa kumalizia nilikuwa nimeuchagua. Shida moja tu sikuiona: kuichomoa simu kwa siri kulihitaji atelye yenye mtu mmoja ndani, na mtu huyo awe mimi.

Jumatano maji yalikuja asubuhi. Ujumbe ulifika kwa wachache, kwa wengine haukufika. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wengine. Alipofika na bido zake, bomba lilikuwa linatoa hewa.

Béa alianza mlangoni kama alivyofundishwa. Taa ziko. Namba iko. Hodi: yupo. Hodi tena: hayupo. Tena: yupo, yupo, hayupo. Aliandika kurasa nne. Alibadilisha waya, akabadilisha tundu la modem, akaweka saa ambayo tayari ilikuwa sawa. Nilikaa kwenye benchi nikimpa ushauri mbaya kwa upole mwingi. Kila aliposhindwa nilisubiri furaha ije, na furaha ilikuwa inafanya kama kibao: ipo, haipo.

Alhamisi mama alikwenda kisima cha ng'ambo ya reli, njia ya kupanda na kushuka, mara tatu. Mimi nilikuwa nimelala kitandani nacheka na simu yangu mpya. Mara ya tatu nikasikia sauti mbili. Mama aliingia na bido moja, Béa nyuma yake na ya pili, nguo zake zimelowa hadi magotini. Mama akamwambia, "Aksanti, mwana yangu." Mwana yangu. Nikainuka, nikataka kuipokea ile bido, na Béa alikuwa amekwisha kuitua.

Ijumaa asubuhi aliweka ufunguo juu ya meza ya Mwalimu, akasema hawezi. Hakulia. Ningefurahi kama angelia, au labda nisingefurahi, sijui. Mwalimu aliutazama ule ufunguo bila kuugusa, akavuta kiti mbele ya kompyuta na kubisha hodi kwa namba ishirini. Yupo. Hayupo. Yupo. Pua ikaanza. Ikapanda. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: akainuka, akachomoa waya wa kibao, akakifungua ukutani chote, akakishika mkononi kama ndege aliyekufa, akarudi kubisha hodi kwa namba ileile.

Namba ishirini ikaitika.

Pua ilinyamaza.

"Kibao iko mu mukono yangu," alisema Mwalimu. "Waya iko chini. Nyumba haina muntu. Sasa nani anaitika?"

Alitazama skrini muda, akafungua orodha fulani ya modem, akaisoma, akaifunga. Kisha akaweka kibao mezani, akavuta tai yake ikae sawa. "Naenda kunywa chai. Ule anaikala mu nyumba ya wengine, akitoka mbele nirudie, minye sitauliza jina."

Mbele, kwa lugha yetu, ni kabla, na minye ni mimi. Tukabaki wawili. Kabati la ramani lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Béa alikuwa kwenye benchi, daftari mapajani, ananitazama kama anavyotazama kila kitu, bila haraka. Hatua tatu. Ningeweza hata kujifanya natafuta ramani. Badala yake nilimwambia labda anayeitika ni roho ya mwalimu aliyekufa akisahihisha mitihani. Béa hakucheka. Nikamwambia jingine. Dakika kumi nzima nilitoa vichekesho kama mtu anayemwaga maji kutoka kwenye mtumbwi uliotoboka.

Mwalimu alirudi, akabisha hodi, akaitikiwa. Akatikisa kichwa kidogo. Hakutafuta kitu chochote. Alikipa kibao namba mpya, ishirini na moja, akakirudisha ukutani, ujumbe wa kujaribu ukatoka mara moja, simu zikalia kambi nzima bila maji. Ule ufunguo akauchukua mezani na kumvisha Béa mwenyewe, uzi mwekundu na vyote. Kwangu alisema tu nifute ubao.

Simu yangu nikaichukua Alhamisi iliyofuata, wakati wa mapumziko, atelye ilipobaki wazi. Vumbi tupu juu yake. Nikajiambia nimepona.

Lakini Jumapili iliyotangulia nilikuwa kanisani nyuma ya mama. Wakati wa sifa, watu wote wameinua mikono miwili. Mama yangu aliinua mmoja. Ule wa bido ulibaki chini, ameubana ubavuni kama mtoto mgonjwa, bega likimuuma tangu kisimani, na alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote. Nilijaribu kutafuta kichekesho hapo. Mpaka leo sijakipata.

Mwalimu aliacha kazi mwisho wa mwaka ule. Miguu, walisema. Alihamia Kapolowe kulima. Mwezi uliopita nikamwona sokoni, kwenye meza za waya na balbu, anabishana na muuzaji juu ya connecteur. Alikuwa amekonda. Tai haikuwepo, na shingo bila tai ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilimtambua kwa pua.

"Comédien," alisema kabla sijafungua mdomo. Akaniuliza masomo, akaniuliza mama, akaniuliza bega la mama. Nikashangaa analijua. Kisha akanieleza kwamba ameweka kibao kingine kwenye zahanati ya misioni huko Kapolowe, cha kuangalia baridi ya friji ya dawa, na siku tatu hizi hakiitiki. Taa ziko, namba iko. Macho yake yeye hayaoni tena maandishi madogo. "Kuya siku ya posho," alisema, maana yake njoo Jumamosi. Moyo wangu ukaruka juu kama bido tupu. Halafu akaongeza, "Kuya na Béa."

Ndiyo hivyo. Mwaka mzima, na bado linachoma mahali palepale. Nadhani ni ule mchomo ulionisukuma, si wema. Ningependa iwe wema.

"Mwalimu," nilisema, "ile simu pa namba ishirini ilikuwa ya minye."

Alikuwa anakagua ncha za connecteur moja moja kwenye mwanga. Hakuinua kichwa.

"Najua. Modem ilishika jina ya simu yako toka siku uliingia mara ya kwanza. Président wa Panda. Mu kambi muzima, nani mwengine angejipa ile cheo?" Akalipa, akaiweka connecteur mfukoni, pembeni ya bisibisi. "Siku tatu ile juma yenye ilifuata, kila asubui, mbele nyinyi mufike, nilibisha hodi pa namba ishirini. Simu yako iliitika kila mara. Iko na adabu. Nilikuwa nangoya mwenyewe akuye kuichukua."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na sauti yangu ya kweli, bila pua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye magari ya Kapolowe, sandali zikipiga chini.

"Minye," alisema, "sikubeba maji."

Nilirudi Panda kwa miguu, nikachagua njia ndefu, na njia ndefu nayo ikaisha. Mama alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine. Nilisimama mbele yake nikaeleza yote: simu, namba, kabati, dakika kumi, kisima, bega. Sikuweka kichekesho hata kimoja. Mchi ulisimama katikati. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ndala yake ya kulia, naisubiri ivuliwe initandike. Haikuvuliwa. Alisema:

"Bido mbili ziko inje. Kesho, mbele jua itoke, unaenda. Kama haujue njia ya kisima, ulizia Béa."